Makungwi wawili wa kicheni pati: maoni ya shangazi aliyelipa

Naandika kwa ajili ya mashangazi wenzangu, maana sisi ndio tunaolipa. Mama mzazi hulia, kamati hugombana juu ya rangi ya sare, lakini anayetumwa kutafuta kungwi wa kumfunda bi harusi, kupatana naye bei, kumtumia nauli na kumpokea mlangoni ni shangazi. Kazi hiyo nimeifanya mara mbili, kwa mabinti wawili wa marehemu kaka yangu. Mara ya kwanza 2016, ukumbi wa Tabata. Mara ya pili Juni iliyopita, ukumbi mdogo wa Kinyerezi wenye feni nne, mbili zinazunguka. Nitawasema makungwi wote wawili, ila majina siweki. Wa kwanza bado yuko kazini na ana wajukuu wa kulisha. Wa pili hakuniomba nimtangaze.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka ishirini na miwili nimekaa mapokezi ya dharura ya hospitali ya wilaya, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, naijua kama daftari la kikoba chetu. Mwanamke anayekuja na PF3 mkononi ukimuuliza kapatwa na nini, atakwambia ameanguka bafuni. Anayekuja bila PF3 naye ameanguka bafuni. Kuna mwaka nilimwambia daktari wa zamu kwamba wizara ingetengeneza mabafu ya nchi hii tungefunga wodi. Alicheka. Usiku huohuo tukaletewa mmoja amefunikwa kanga gubigubi, na huyo hatukumuuliza kitu.

Basi tuanze na kungwi wa 2016.

Bei yake ilikuwa shilingi 300,000, laki moja mbele, pamoja na doti mbili za kanga na teksi ya kwenda na kurudi. Lazima nimpe haki yake: yule mama ni fundi. Alikuja na wapiga ngoma wawili na mkoba wa udi, akaingia ukumbini kwa kukata nyonga wakati sisi tuliomzidi umri magoti yanatuuma tukimtazama. Habari za jikoni alizijua, za usafi alizijua, za chumbani alizisema kwa mafumbo mpaka mabinti wakaficha nyuso kwenye mitandio huku masikio wameyaacha wazi. Saa mbili zile sina dosari. Kama mnataka sherehe, fedha yenu itarudi yote.

Ikaja zamu ya nasaha. Alianza na kile kisa tunachokijua sote, cha mwanamke aliyekwenda kwa mganga kulalamika kwamba mumewe anampiga, mganga akampa chupa ya maji, akamwambia mumeo akianza kufoka piga funda ulibakize mdomoni, usimeze wala usiteme. Kipigo kikaisha. Maji yalikuwa ya bombani. Ukumbi ukacheka. Akasema mke hapigwi kwa fimbo, hupigwa kwa upande wa kanga, ukumbi ukacheka tena. Akasema funika kombe mwanaharamu apite. Mwisho akamshika bi harusi mabega, akamwambia, "Kwenu umetoka na miguu yako. Kwa mumeo utoke umebebwa."

Tukapiga vigelegele. Mimi, muuguzi wa PF3, nilipiga kigelegele kirefu kuliko cha mama yake mdogo, na nikamtunza noti ya elfu kumi.

Mwaka 2018, usiku wa mvua, saa tano na kitu, bodaboda ilisimama langoni kwangu. Akashuka yule binti, mtoto mgongoni, mtandio umezungushwa shingoni kana kwamba tuko kwenye baridi ya Makete. Nilipomfungua mtandio niliona alama za vidole. Sauti ilikuwa imekauka, na kwenye weupe wa macho kulikuwa na vidoa vyekundu. Ninavijua vidoa hivyo, nilisomeshwa kwa kodi za wananchi ili nivijue. Nikampa panadol na chai ya tangawizi. Alfajiri nikampigia mumewe, na kabla ya saa nne nilikuwa nimemrudisha mwenyewe, nikamwambia wakati tunashuka kwenye daladala, "Mwanangu, maji mdomoni."

Miezi mitatu baadaye alitorokea Mwanza kwa rafiki aliyesoma naye. Yuko hai. Ashona nguo, mtoto anasoma. Kwamba yu hai ni kwa neema ya Mungu, kwa nauli ya huyo rafiki, na kwa kuwa mumewe hakujua kaelekea wapi. Mimi simo katika hesabu hiyo, kungwi hayumo, na laki tatu zangu hazimo.

Kwa hiyo mdogo wake alipochumbiwa nilisema kungwi wa safari hii nitamchagua kwa macho mawili.

Nilimpata kupitia mwenzangu wa kikoba. Kungwi huyu ni afisa ustawi wa jamii mstaafu, mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Bei 250,000 kwa saa tatu, na sharti: hatunzwi. Ukimrushia noti anaiokota na kumpa bi harusi. Nilipompigia simu mara ya kwanza nilitegemea aniulize ukumbi uko wapi na wageni wangapi. Akaniuliza bi harusi ana kipato chake? Bwana harusi ana madeni, yakiwamo ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa? Wameishi kinyumba kabla? Wanahamia wapi? Nikasema Kivule, wamejenga. Akauliza, "Nyumba ina ukuta?" Nikajibu kwa majivuno kwamba ina ukuta, na juu chupa zimepandwa. Akanyamaza kidogo. "Jirani wa karibu yuko umbali gani?"

Nilikasirika kidogo, nilidhani anapima mfuko wetu. Usiku ule ndipo nikaelewa swali lake. Mimi nimekulia Buguruni, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja katikati. Baba wa chumba cha tatu akiinua mkono, sufuria zinaanza kugongwa vyumba vitano, bibi wa chumba cha kwanza anakohoa kwa makusudi, na mzee wa nje anauliza kuna nini humo. Hatukuwa peponi. Watu walipigwa, na mimi nilisikia. Lakini kulikuwa na mwisho wa kipigo, kwa sababu kulikuwa na masikio. Sasa tumewafundisha watoto wetu kwamba maendeleo ni kiwanja chako, geti lako na mbwa wako, mbali na ndugu. Hakuna kamati ya harusi inayolitia hilo kwenye bajeti.

Siku yenyewe alichelewa dakika hamsini. Hii ni dosari na ninaiandika. Foleni ya Tazara tunaijua wote, angetoka mapema. Kipaza sauti kikakwaruza, akakizima, akasema kwa mdomo mtupu, na waliokaa nyuma karibu na jiko hawakusikia nusu ya kwanza. Hakuwa na ngoma. Hakuwa na udi. Alikuwa na daftari la kaunta lililochakaa, na kutoka humo akaanza kusoma takwimu.

Hapo nikaona laki mbili na nusu zangu zinazama. Wifi yangu akaniinamia, akaninong'oneza, "Tumekuja harusini au msibani?"

Alisoma kwamba Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia zao. Ni 140 kila siku. Afrika peke yake 21,700, kuliko bara lolote. Akafunua ukurasa. Kenya, polisi walisema wanawake 97 waliuawa ndani ya miezi mitatu tu, Agosti hadi Oktoba 2024, na mwaka huo ulikuwa umeanza kwa maandamano ya Januari barabarani Nairobi. Kisha akafika kwetu, akasema jambo ambalo watu hawakulitegemea: kwetu kupigwa kunapungua. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 27. Mama mmoja akaanza kupiga makofi. Kungwi akamwinulia kiganja. "Subiri, mama. Wanaohojiwa ni wanaofungua mlango. Maiti haihojiwi."

Kisha akauliza ukumbi: katika utafiti ule wa 2015, nani waliosema zaidi kwamba mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akitoka bila kuaga, akibishana? Wanaume au wanawake? Ukumbi mzima tukajibu wanaume. Akasoma: wanaume asilimia 40, wanawake asilimia 58. Akafunga daftari, akatutazama kwa juu ya miwani. Hakuongeza neno. Nadhani kila mmoja alikumbuka kigelegele chake.

Sehemu iliyonifanya nisahau kuchelewa kwake ilikuwa kitendawili. Akasema, "Kule Marekani mwaka 1976 wanaume zaidi ya 1,300 waliuawa na wake zao au wapenzi wao. Wanawake waliouawa na wanaume zao walikuwa kama 1,600. Karibu waende sawa. Miaka hiyo ndiyo walianza kufungua nyumba za hifadhi za wanawake wanaopigwa, talaka zikawa rahisi, wanawake wakapata ajira, watu wakachelewa kuoana. Ilipofika 2005, kundi moja lilikuwa limepungua sana, chini ya 400. Jingine lilipungua kidogo tu, likabaki kama 1,200. Nani waliokoka?"

Wanawake, tukasema. Nyumba za hifadhi si zilikuwa zao?

"Wanaume," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko, halafu kicheko kikafa chenyewe. Akaeleza bila kuinua sauti. Mwanamke aliyezibiwa kila njia, asiye na pa kwenda wala senti, siku moja huchukua kisu cha kukatia vitunguu. Mpe mlango, ataondoka, na mume atabaki mzima. Kwa hiyo milango ile iliokoa roho za waume. Lakini mwanamume anayeua haui kwa kukosa pa kwenda. Anaua kwa sababu mwanamke amepata pa kwenda. Ndiyo maana idadi ya upande wa pili ilishuka kwa kujivuta.

Jamani. Miaka ishirini na miwili nilipokea majeruhi, na sikuwahi kupanga vitu hivyo viwili kwenye mstari mmoja. Nikaanza kuhesabu kichwani wale niliowakumbuka vizuri, na wengi wao walikuwa njiani kutoka. Mmoja alikuwa ameshapanga chumba Gongo la Mboto. Mmoja alikuwa amerudi mara moja tu kuchukua sare za watoto.

Mtu mmoja nyuma akasema, basi dawa ni binti awe na pesa zake. Kungwi akasema pesa ni nusu, akawataja wakimbiaji. Agnes Tirop wa Kenya, Septemba 2021 alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde moja, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Oktoba 13 mwaka huohuo alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, ana miaka 25, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia maratoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024, na Septemba 5 akafa hospitalini Eldoret, siku nne baada ya kumwagiwa petroli na kuwashwa moto na mwanamume aliyekuwa naye zamani. Iliripotiwa walikuwa wakigombana juu ya kiwanja, kiwanja ambacho familia yake ilisema alikinunua na kujenga yeye. "Hawa walikuwa na pesa kuliko ukumbi huu wote," akasema. "Pesa ya mwanamke katika nyumba ambayo mwanamume amelelewa kuamini kwamba mwenye nyumba ni yeye, mwanzoni huongeza moto. Haimaanishi asiitafute. Maana yake ni kwamba asiitafute peke yake, na ijulikane mapema wazee watakaa upande gani."

Halafu akasema habari ya shingo. Nilikuwa najua inakuja, nikatazama kreti za soda. Akasema kofi ni kosa, ngumi ni kosa, lakini mkono wa mume ukifika shingoni mwa mke mmeingia chumba kingine kabisa, hata kama amemwachia baada ya sekunde kumi na hakuna jeraha. Utafiti wa Marekani ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake hatari yake ya kuuawa naye baadaye huwa zaidi ya mara saba ya yule ambaye hajakabwa. "Huyo harudishwi kesho asubuhi," akasema. "Hata kwa chai."

Hakunijua. Hakujua lolote kuhusu mimi. Binti yangu wa 2016 alikuwa amekuja kutoka Mwanza kwa basi kumsindikiza mdogo wake, amesimama mlango wa jikoni na kreti ya Fanta mkononi. Akanitazama mara moja, akaenda kugawa soda.

Sehemu ya sheria ilikuwa ndefu mno na hapa ninamtoa maksi. Wageni kama kumi walihamia kwenye pilau. Lakini yanayofaa kukumbukwa ni machache, niliyaandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema mila iwe inasema nini, mwenzi hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Tangu 1971! Kungwi wangu wa kwanza alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mlioishi kinyumba miaka miwili mkajulikana kama mume na mke, kifungu cha 160 kinawadhania wanandoa, kwa hiyo asikwambie mtu huna chako. Na kazi ya nyumbani ni mchango: Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed. Kuna mama jirani yangu, amekaa ndoani miaka thelathini, alikuwa akidhani akitoka atatoka na sufuria tu. Nilimwona anaomba kalamu.

Hakuficha pia mahali sheria hiyohiyo inapokaza. Talaka ndani ya miaka miwili ya kwanza haiombwi ila mahakama ikuruhusu kwa shida ya pekee, na kwa kawaida lazima mpitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Nia ya usuluhishi ni njema, akasema, ila ukiwasuluhisha watu ambao mmoja wao amemkaba mwenzake, unampa mkabaji tarehe na mahali pa kumkuta. Kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi alisema mwende, na mwende wawili, mmoja azungumze na mwingine aandike jina la aliyewapokea. Nikisema kwa uzoefu wangu mwenyewe wa kusindikiza watu, kuna kituo nilikuta askari wa kike aliyetupa maji ya kunywa na faragha, na kuna kituo kingine tuliulizwa mbele ya foleni, "Ulimfanya nini mpaka akupige?" Mnakwenda wawili kwa ajili ya swali hilo.

Dosari kubwa kuliko zote: mambo ya chumbani hakuyagusa. Kabisa. Akasema hayo mashangazi mnayajua, hamhitaji kulipa mtu. Ikabidi mama mkubwa, mwenye miaka 71, asimame kuokoa jahazi, na alichosema sitakiandika hapa ila bwana harusi atanishukuru. Kwa hiyo mkimchukua huyu, pangeni mtu wa ngoma na mafumbo pembeni. Mimi ningeweza kumchukua hata yule wa 2016 kwa saa moja ya kwanza, na kumlipa laki na nusu ashuke jukwaani kabla ya maji mdomoni.

Huduma yake ya pili ndiyo ninayoisifu zaidi, ingawa wengi hawaichukui kwa sababu haipigwi picha. Kwa laki moja zaidi anakaa na wazee wa upande wa bwana harusi, sebuleni, bila sare. Walikuja wanne, mmoja akaondoka baada ya chai akisema ana gari gereji. Nilidhani atawahubiria wanaume wasipige. Hakuhubiri. Alimuuliza mjomba wa bwana harusi, dereva wa malori aliyezoea barabara ya Tunduma, "Mzee, mke wa kijana wenu akiondoka, siku hiyo kijana atalala wapi?"

Mjomba akasema, kwake, atalala wapi tena?

"Asilale kwake. Alale kwako. Mwezi mzima. Ukisafiri alale kwa mdogo wako. Simu yake ikiwa ina sms mia anazompelekea huyo mwanamke, wewe ndiye umwambie lete simu. Panga la bustani likakae kwa jirani. Na akikuomba umsaidie kumtafuta mkewe alipo, ukajua alipo, hujui."

Yule mzee alikaa kimya, akazungusha kikombe. Akasema kwao, Mbozi, mwanamume aliyeachwa huchekwa. Vijana wanamwimbia kilabuni. Kungwi akasema hapo umenijibu mwenyewe, mzee wangu, wale wanaoimba kilabuni ndio wanaonoa panga. Nikaona mjomba anaandika kitu kwenye simu kwa kidole kimoja. Sijui aliandika nini, lakini hakuondoka mpaka mwisho, na alipotoka alimwamkia bi harusi yeye, badala ya kusubiri shikamoo yake.

Maksi zangu ni hizi. Kungwi wa 2016: nyota nne kwa ngoma, na kwa nasaha simpi kitu. Sisemi ana roho mbaya. Anasema aliyoambiwa na aliyemfunda, na sisi tumekuwa tukimlipa ayaseme. Kungwi wa Juni: nyota nne. Ya tano imeliwa na foleni ya Tazara, kipaza sauti, na mama mkubwa kulazimika kusimama. Mkimwita, mwambieni afike saa moja kabla, mpeni meza na taa kwa ajili ya daftari, wapeni wageni pilau mapema ili wasihame wakati wa sheria, na msiruke kikao cha wazee kwa kubana laki moja wakati keki mmeitengea laki nne. 

Kuna kimoja nimekiacha. Karibu na mwisho pale ukumbini aliniita mbele. Nilidhani ananiita kushukuriwa, nikajitengeneza kanga. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Shangazi, geti lako unalifunga saa ngapi?"

Nikasema saa nne.

"Huyu akija saa nane usiku?"

Nikasema atagonga, nitaamka.

"Usingizi wako ukiwa mzito? Simu yake ikiwa imevunjwa?"

Sikuwa na jibu. Akasema basi zawadi yako kwa mwanao isiwe hotipoti, mpe ufunguo. Watu wakacheka, MC akaweka wimbo, tukaendelea.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi funguo wa Buguruni, yule anayekaa chini ya mwavuli karibu na sheli. Akaniuliza nataka funguo ngapi, mmoja ni elfu tatu. Nikasema mbili. Mmoja nilimpelekea bi harusi Kivule. Wa pili nilimpa dada yake stendi, asubuhi anarudi Mwanza, akauangalia, akautia kwenye pochi yenye nyuzi na sindano bila kusema kitu. Basi lilipoanza kurudi nyuma akafungua dirisha, akauliza kama nimeujaribu. Sikuwa nimeujaribu. Nilipofika nyumbani nikajaribu wa kwangu, ambao fundi aliutumia kuchongea, ukagoma kidogo. Kumbe ni kitasa, kinataka mafuta.